Hisabu ya Pujini na Mwalimu wa Walimu

Kusini-mashariki ya mji wa Chake Chake, kisiwani Pemba, katika shamba la Pujini, yapo magofu ya husuni ambayo Wapemba wameinasibisha tangu zamani na Mkama Ndume, mtawala wa karne ya 15 anayesimuliwa kuwa aliwalazimisha raia zake wasogeze mawe ya ujenzi hali wamekaa chini wakijiburura. Amesadiki mtu hadithi hiyo au hakusadiki, hawezi kuyatazama maboma yale ya udongo, kisima chenye ngazi, na chumba cha chini ya ardhi chenye nakshi ya siwa ukutani, asikiri kwamba waliojenga walikuwa mabingwa wa vipimo, wa chokaa na wa maji. Walakini maarifa hayo yalimtumikia mmoja, na fungu la wengi lilikuwa mzigo.

Zama zilizofuata, hisabu ilipata makao mapana zaidi. Mwanachuoni aliyesoma faraidhi, yaani elimu ya kugawa mirathi, hakuwa na budi kuzijua sehemu na kuzilinganisha, kwani mjane mwenye watoto hustahiki thumni ya mali; na mkulima na mvuvi, ambao huenda hawakushika kalamu maishani mwao, waliuhesabu mwaka tangu Nairuzi kwa miongo ya siku kumi kumi, wakajua lini ardhi ilimwe na lini kusi itavuma. Elimu hiyo ilirithiwa kwa kuonyeshana, na aliyefundisha alimjua vyema anayemfundisha.

Skuli za serikali zilileta utaratibu mwingine. Mwaka 1905 aliletwa Sheikh Abdul Bari kutoka Misri kuongoza elimu iliyokuwa ikianza Unguja. Mwaka 1923 ikafunguliwa skuli ya kufundisha walimu, na Mwingereza L. W. Hollingsworth akawa miongoni mwa wakuu wake. Wasichana nao wakapata skuli yao ya serikali mwaka 1927. Hisani ya walimu hao haikanushiki, ila nafasi zilikuwa chache, na matunda ya hisabu aghalabu yaliishia katika madaftari ya makarani.

Tarehe 23 Septemba 1964, baada ya Mapinduzi, ilipotangazwa kuwa elimu ni bure kwa wote, watoto walimiminika skuli ilhali walimu wengi walikuwa wameondoka; ndipo wakaajiriwa wageni, wakiwemo Wajerumani wa Mashariki, na vijana waliotoka masomoni punde wakakabidhiwa madarasa. Mlango ulikuwa umefunguliwa, bali kuufungua mlango si kumfikisha kila aingiaye.

Hapa ndipo elimu mjumuisho, yaani ya kuwasomesha pamoja watoto wote, wenye ulemavu na wasio nao, ambayo mataifa yaliiafiki huko Salamanca, Hispania, mwaka 1994, na ambayo Zanzibar iliianza mwanzoni mwa miaka ya 2000, inapotudai zaidi ya madawati. Sera ya Elimu ya mwaka 2006 iliikubali. Na sera hiyo hiyo ikaamuru hisabati na sayansi zisomeshwe kwa Kiingereza tangu darasa la tano, ikamzidishia uzito mtoto asiyesikia, asiyeona, au anayefahamu taratibu, na hata mwenziwe mzima ambaye lugha hiyo hakuisikia nyumbani.

Rai yangu ni kwamba anayechaguliwa kuwafundisha walimu ndiye anayeamua hisabu itamfikia nani, kwa sababu kosa la mwalimu mmoja hubaki darasani mwake, ama kosa la mwalimu wa walimu husambaa Ng'ambo, Wete na Pujini kwa miaka thelathini. Shahada yake na itazamwe, lakini isitoshe. Na aulizwe jinsi ya kumfundisha pembe tatu mtoto asiyeona, kwa kamba na vigingi vya kushikwa kwa mkono. Jinsi ya kumweleza kiziwi kwa lugha ya alama mvuke unavyopanda na kurejea mvua. Jinsi ya kuanzia katika miongo na faraidhi ambazo wazee wa mtoto wanazijua, ndipo afike kwenye sehemu za kitabuni. Na usaili wake usikomee mezani mjini: apelekwe shamba, apewe darasa lenye watoto wa kila namna, na walimu vijana wamtazame. Akishindwa kumfikia aliye nyuma kabisa, asiajiriwe, hata akiwa bingwa wa fani yake. Akimfikia, apewe kazi na ujira unaomstahiki, maana huyo ndiye atakayewafundisha wengine kutomwacha mtu.