Neno "Cheque": Je, Asili Yake ni Sakk?

Mara nyingi husemwa mihadharani na huandikwa katika makala zetu kuwa neno la Kiingereza "cheque", tunalolitamka cheki, limetokana na neno la Kiarabu sakk, yaani hati. Dai hili linapendeza. Lakini elimu hutaka dalili, basi na tuitazame.

Ama sakk, kuwepo kwake hakuna shaka. Imepokewa katika Sahihi Muslim kuwa Abu Hurayra (Radhiya Llahu anhu) alimkemea Marwan bin al-Hakam kwa kuwaachia watu wauziane hati za chakula, ilhali Mtume (Swalla Llahu alayhi wa sallam) amekataza kuuza chakula kabla ya kukipokea. Marwan akapiga marufuku. Na katika karne ya 10 Miladia, msafiri Ibn Hawqal alitaja hati ya deni la dinari 42,000 alilodaiwa mfanyabiashara wa Awdaghust, kusini mwa Sahara. Wingi wa sakk ni sukuk, neno linalotumika hadi leo katika benki za Kiislamu.

Ama "cheque", kamusi kubwa za Kiingereza zinaipa njia nyingine. Lilitangulia neno "check", kutoka eschec la Kifaransa cha kale, kutoka scaccus la Kilatini cha zama za kati, nalo lilipitia Kiarabu kutoka shah la Kiajemi, yaani mfalme. Ni neno la sataranji: mchezaji humtahadharisha mwenzake kuwa mfalme wake yumo hatarini. Likaja kumaanisha kuzuia, kisha kukagua. Mwanzoni mwa karne ya 18 likaitwa kishina cha hati, kinachowekwa ili kuzuia kughushi, na baadaye hati yenyewe.

Kwa hivyo neno hili kweli lilipita kwa Waarabu, ila kwa mlango wa sataranji. Sakk nalo, wasemavyo wanalugha, ni chak la Kiajemi lililoarabishwa. Ni maneno mawili, kila moja na nasaba yake.

Kwa nini tulishughulikie? Kwa sababu mwenye kutoa hoja dhaifu humpa mpinzani nafasi ya kuitupa na ile yenye nguvu. Fahari ya waliotutangulia imo katika hukumu walizoziandika juu ya hati hizo, wala haihitaji neno la kuazima. Wanazuoni wetu hawakuipokea hadithi kwa uzuri wa matini yake tu, waliuliza isnadi. Na neno pia lina isnadi yake.

Wallahu a'lam.