Risasi Kwenye Mlango wa Nyuroni

Kiswahili huita risasi kile kinachotoka bundukini na madini yenyewe, na historia ya Eastlands, Nairobi, inaonyesha kwamba lugha haikukosea sana. Mwaka 2007 UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, ilitoa ripoti kuhusu dampo la Dandora, lililofunguliwa miaka ya 1970 karibu na Korogocho na Kariobangi, mitaa ambako skrepu hupimwa, huuzwa na kuyeyushwa. Watoto 328 walichunguzwa, na nusu ya waliopimwa damu walikuwa na mikrogramu 10 au zaidi za risasi katika kila desilita ya damu. Aliyeisoma ripoti hiyo kama habari ya takataka na kikohozi aliiacha nusu yake. Risasi ni adui wa kujifunza, na pa kuvizia pake panajulikana.

Ubongo hujifunza kwa glutameti, kemikali ya kupitisha ujumbe. Nyuroni moja huimwaga, nyingine huipokea kwa vipokezi, na kimojawapo, NMDA, ni mlango wenye komeo la magnesiamu: haufunguki mpaka glutameti ifike na nyuroni yenyewe iwe imeshaamka. Hapo kalisiamu huingia na kukaza kiungo kati ya seli hizo. Mwaka 1983 Graham Collingridge na wenzake walionyesha kuwa kipokezi hiki kikizuiwa, kiungo hakikazwi. Mwaka 1990 nyuroni za panya zilionyesha risasi ikiuziba mlango uleule. Katika kiharusi kalisiamu hufurika kupitia mlango huo na kuua seli kwa kishindo. Risasi kidogo huziba kimyakimya. Mtoto haanguki, ila somo halishiki.

Atakayepinga atasema panya si mtoto, na kwamba njaa na madarasa yaliyofurika yanatosha kueleza alama mbovu. Lakini mwaka 1979, Marekani, Herbert Needleman alipima risasi kwenye meno ya utotoni; watoto wenye risasi nyingi walibaki nyuma hata hali ya nyumbani ilipozingatiwa. Nayo njaa ni mshirika wa risasi, kwani mwili uliopungukiwa na chuma na kalisiamu huifyonza zaidi. Petroli ya Kenya iliondolewa risasi kufikia 2006, hatua kubwa kweli, ila betri kuukuu zenye risasi zilibaki. Dampo la Dandora nalo lilitangazwa kujaa mwaka 2001, malori yakaendelea kuja. Wala tiba si jibu: mwaka huohuo wa 2001 jaribio la Marekani lilichapishwa, ambapo dawa ilishusha risasi katika damu ya watoto, lakini alama zao za akili hazikupanda.