Terminali Yako Inajifunga Bila Sababu? Soma Hii Kabla Uweke Linux Upya

Uko zako saiba Migori town, umebakisha kidogo umalize kazi ya klaenti, alafu ghafla terminali inajifunga. Hakuna meseji, hakuna kwaheri. Unafungua tena, inakubali. Kesho kutwa inarudia. Hapa ndio wasee wengi huanza kuweka Linux upya. Tulia kwanza, buda.

Sheli ni ile programu inasoma komandi zako. Kwa Linux nyingi huwa Bash, ile Brian Fox alitoa 1989. Terminali ni dirisha tu. Sheli ikikufa huacha namba ya kusema kwa nini, lakini dirisha linafunga kabla uione.

Ishike na hii mtego

Fungua sheli ndani ya sheli: andika `bash`, bonyeza Enter, endelea na kazi. Siku ile ya ndani itakufa, utajipata kwa ile ya nje. Kabla uandike kitu ingine, andika `echo $?` usome namba.

137 (128 + 9): imeuliwa. Mara mingi memori ilijaa, mfumo ukachagua wa kutoa. Hakikisha na `sudo dmesg | grep -i "killed process"`. Punguza tabu za brauza.

139 (128 + 11): imegusa memori isiyo yake. Apdeti mfumo, ikiendelea, pima RAM.

0, 1 ama 127: hakuna mtu ameiua, imetoka yenyewe. Washukiwa ni watatu:

1. Ctrl+D. Ukiibonyeza kwa laini tupu, Bash inaelewa umemaliza. Weka `IGNOREEOF=3` kwa `.bashrc`.
2. `TMOUT`. Andika `echo $TMOUT`. Ikisema 300, ukinyamaza dakika 5 unatolewa. Toa na `unset TMOUT`, kama mwenye seva hajaifunga.
3. `set -e`. Hii inaambia sheli itoke komandi ikifeli. Andika `echo $-`. Ukiona herufi e, umepata mwizi. Izime na `set +e`. Huingia ukiendesha skripti na `source`, juu hapo skripti inatumia sheli yako mwenyewe. Hata `exit` ya ndani yake inakutoa wewe. Tumia `bash skripti.sh`.

Bado? Jaribu `bash --norc`. Ikitulia hapo, shida iko kwa `.bashrc` yako.

Kama zote mbili zimeenda

Ya nje ikipotea na ya ndani, acha kulaumu Bash. Angalia dirisha lenyewe ama network. Sema uko kwa matatu, umetoka Migori, umepita Rongo ukielekea Homa Bay, na umeingia kwa seva na SSH. Network ikikatika njiani, sheli ya kule inaambiwa laini imekufa, nayo inatoka na kazi yako. Ukiingia kwa seva, anza na `tmux`. Ukikatwa, ingia tena, andika `tmux attach`, utapata kazi ikiendelea. Kama unakatwa ukinyamaza tu, weka `ServerAliveInterval 60` kwa `~/.ssh/config`.

Wa simu pia mko

Kama hauna laptop na unatumia Termux, ukiona "Process completed (signal 9)" jua Android ndio imekuchinja. Kuanzia Android 12, programu ndogo zinazoanzishwa na apu zako zote kwa jumla hazifai kupita 32. Kwa Android 14, ingia Developer options uwashe "Disable child process restrictions". Pia toa Termux kwa orodha ya kuokoa betri.

Basi ikijifunga tena leo, usikimbilie kufuta kitu. `bash`, ngoja, `echo $?`. Namba ndio itakuambia uanzie wapi, na kazi ya klaenti itafika.