Stesheni ya Tabora katika Picha za Zamani

Katika albamu za familia zetu zilizotoka Tabora hazikosi picha za reli, na nyingi hazina tarehe. Hata hivyo zinasomeka.

Reli ya Kati, kazi ya Wajerumani, ilianzia Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Wabelgiji waliuteka mji Septemba 1916, lakini jengo la stesheni la Wajerumani lingali limesimama. Njia ya Mwanza ilipofunguliwa 1928, Tabora ikawa njia panda: usiku na mchana mabehewa yakikatwa na kuunganishwa, ya Mwanza huku, ya Kigoma kule.

Tazameni ubavuni mwa behewa. Herufi EAR ni za kati ya 1948 na 1977, reli ilipokuwa moja na Kenya na Uganda. Ndiyo maana tarehe 9 Desemba 1961 bendera yetu ilipanda, lakini behewa halikubadilika jina. TRC ilikuja baada ya kugawana.

Watu ndio wagumu. Wapiga picha wa kikoloni mara nyingi waliandika habari za injini; aliyechochea moto, aliyegeuza njia, aliyebeba mataruma, hawakumtaja. Majina hayo wanayo wazee wetu walioketi ukumbini leo. Watoto, waamkieni, kisha waulizeni, na nyuma ya picha andikeni kwa penseli, maana wino hupenya.