Kunywesha Makali

Katika rasimu ya istilahi za ufundi wa vyuma niliyoletewa na kamati niipitie, nilikuta kazi ya mhunzi wa Nepali anayekaza makali ya kukuri, kisu cha nchi hiyo, huku akiuacha mgongo bila kukazwa imeitwa "ugumishaji tofautishi". Nikapendekeza "kunywesha makali". Rasimu ilirudi vilevile, pendekezo langu limefutwa na sababu haikuandikwa. Kwa kuwa kamati haikuona haja ya kunijibu, nawawekea wasomaji hoja zangu hapa.

Tuanze na hilo "tofautishi". Kitu elimishi huelimisha, kitu tatanishi hutatanisha. Basi kitu tofautishi hutofautisha. Kinatofautisha nini na nini? Mhunzi wa Bhojpur, mashariki mwa Nepali, hana anachotofautisha. Ameshika koleo na bapa la moto lililofuliwa kutoka springi ya lori, na kwa birika la chai anamimina maji taratibu juu ya makali peke yake, akirudiarudia pale tumboni, mahali pa kukatia. Istilahi isiyoonyesha maji wala makali imeacha kazi yote nje.

Mwenzangu mmoja, mtu wa kamati nyingi, anashikilia "kuzima". Kuzima ni kuumaliza moto. Lakini katika kukuri moto wa mgongo haumalizwi, na hapo ndipo ulipo ufundi wenyewe: mhunzi akisita kumimina, joto lililobaki mgongoni hurudi kwenye makali na kuyaondolea wepesi wa kumeguka. Anayezima upanga ndani ya pipa anafanya kazi nyingine kabisa. Nimelieleza hili vikaoni mara nyingi, na kila mara limepitwa kama halikusemwa.

Sasa neno langu. Shina -nywa halikuja na meli. Mganda ananywa, Mnyarwanda ananywa, Mkikuyu naye ana nyua yake. Kutoka humo tumepata kinywa, kinywaji, mnywaji, na kwa kauli ya kusababisha, nywesha: kumpa anywe yule asiyejipa mwenyewe, awe mtoto, mgonjwa au ng'ombe. Chuma chenye moto ni cha jamaa hii hii. Hakijichovyi, hupewa, na apimaye kiasi ni mkono wa mpaji. Nimeambiwa kuwa kunywesha ni neno la mifugo na bustani, halifai kiwandani. Waliosema hivyo wangelitazama jirani yetu wa karne nyingi, Kiarabu, ambamo kitenzi kimoja, saqa, hunywesha ngamia, shamba na upanga. Mwajemi naye, akikaza chuma, husema ab dadan, yaani kukipa maji. Lugha hizi mbili si za nasaba moja, lakini zote zimeyaona maji yakiingia katika chuma. Kwa nini Kiswahili, chenye kitenzi kilicho tayari, kipelekwe kwenye "ugumishaji"?

Na "makali" yana haki yake. Tunasema jua kali, mbwa mkali, siki kali. Ukali ni nguvu iliyo tayari kufanya kazi. Kisu chenye makali tunasema kinapata. Makali yaliyonyweshwa hupata na hudumu kupata, jambo ambalo "tofautishi" haliwezi kulibeba hata likiandikwa kwa herufi kubwa.

Wapo waliouliza juu ya mafuta, kwa kuwa wahunzi wa nchi nyingine huchovya chuma humo. Basi tuseme kunywesha mafuta. Kitenzi hakijabagua kinywaji.

Kwa anayemiliki kukuri na kutaka kuipima, njia ni hii: pitisha ncha ya tupa tumboni, kwenye makali, kisha mgongoni. Tupa ikiteleza tumboni na kuuma mgongoni, kukuri imenyweshwa. Ikiuma kote, ni mbichi. Ikiteleza kote, imenyweshwa kupita kiasi na itavunjika kwenye gogo gumu. Ncha na sehemu iliyo karibu na mpini huwa laini kidogo kuliko tumbo, na hiyo si kasoro.

Katika rasimu mpya, nasikia, kuna pendekezo la "ugumishaji sehemushi". Kiambishi "-shi" hakipachikwi kwenye nomino, na mwanafunzi yeyote wa sarufi angewaambia hivyo kama wangemwuliza.