Nani Aliwaua Watoto wa Medea?

Kabla ya mwaka 431 KK, Wagiriki walikuwa na majibu mengi kwa swali hili. Katika visasili vyao, Medea, mgeni kutoka Kolkisi, alikuwa ameiacha nchi yake kumfuata shujaa Jason hadi Korintho. Baadhi walisimulia kwamba Wakorintho ndio waliowaua watoto wake, ndani ya hekalu la mungu wa kike Hera. Wengine walisema mama yao alijaribu kuwafanya wasife kamwe, na jaribio lenyewe likawaua. Hakuna kitabu kitakatifu kilichofunga mjadala, hivyo kila mtunzi alikuwa huru kuchagua.

Mwaka huo, mjini Athene, mtunzi wa tamthilia Euripides aliweka upanga mkononi mwa mama, naye akaua kwa kukusudia. Kwa nini? Simulizi moja ya kale inadai kwamba Wakorintho walimhonga talanta tano, lakini dai hilo ni dhaifu, kwa kuwa wakati ule Athene na Korintho zilikuwa mahasimu. Wengine wanasema alimwiga mtunzi mwingine, Neophron. Hata ikiwa hivyo, hilo bado halielezi kwa nini kisa kiliwagusa Waathene. Sababu yenye uzito zaidi ni sheria ya Pericles, kiongozi wa Athene, ya mwaka 451 KK, iliyowanyima uraia watoto ambao mama zao hawakuwa Waathene. Jason anayemwacha mke mgeni ili amwoe binti wa mfalme alikuwa akitenda jambo ambalo watazamaji walilielewa vizuri. Hata hivyo, katika shindano la watunzi watatu, Euripides alishika nafasi ya mwisho.

Uhuru ule ule ulivuka karne hadi Sydney, Australia. Mwaka 2000, Wesley Enoch, mtunzi Mwaborijini, alimleta jukwaani Medea mweusi, mwanamke wa jangwani aliyeiacha ardhi ya ukoo wake kwa ajili ya mume. Kwa watu walionyang'anywa ardhi, kosa la kuitupa lilikuwa na uzito wa pekee. Na mauaji ya mtoto yakageuka swali kuhusu ukatili unaorithishwa nyumbani. Mwaka 2012, katika ukumbi wa Belvoir, Kate Mulvany na Anne-Louise Sarks waliwapa nafasi watoto wenyewe, wakicheza chumbani huku wazazi wakigombana nje.

Basi Euripides hakukiharibu kisa cha kale. Alikiuliza swali la mji wake, na watunzi wa Sydney wamefuata desturi hiyo hiyo: kisa huishi pale kila kizazi kinapokihoji upya.