Kihusishi mwandani

Chukua umbo la Kiingereza "looked" na uliache peke yake. Halisemi mengi zaidi ya kwamba macho ya mtu yalielekea mahali. Lifuatishe "at", na mtu huyo aliangalia. Weka "for", alitafuta, "after", alitunza, "into", alichunguza, "like", alifanana na mwingine. Kiswahili kimehitaji vitenzi vitano, kila kimoja na shina lake, kwa kazi ambayo Kiingereza kimeifanya kwa kitenzi kimoja na vijineno vinavyobadilishana nyuma yake. Samuel Johnson aliliona jambo hili mapema. Katika utangulizi wa kamusi yake ya mwaka 1755 alieleza kwamba viungo vya namna hii, vya kitenzi na kijineno chake, ndivyo vinavyowasumbua wageni kuliko karibu kitu kingine chochote katika lugha yake.

Walimu wa Kiingereza wa leo wana jina la kijineno kinachofungamana na kitenzi fulani: hukiita kihusishi kinachotegemea. Anayefasiri haraka ataandika "kihusishi tegemezi" na kwenda zake. Tafsiri hiyo ina kasoro. "Tegemezi" imekwishaajiriwa kwenye sarufi yetu, na kila mwanafunzi wa sekondari anakijua kishazi tegemezi. Kubwa zaidi, inapotosha kuhusu nani anamtegemea nani. Kihusishi "on" kinajitosheleza: kitabu kiko "on" meza, na hapo kina maana yake kamili. "Relied" ndicho kisichoweza kusimama bila "on". Mtegemezi hapo ni kitenzi.

Maneno mengine yanayokuja akilini yana wenyewe. "Ambatano" ni aina ya sentensi. "Maandamano" yako barabarani. "Mtangamano" umechukuliwa na Jumuiya ya Afrika Mashariki, na "mfuatano" unaeleza tu nani yuko mbele na nani nyuma. Ninachopendekeza ni "kihusishi mwandani", na uhusiano wenyewe tuuite uandani wa maneno. Mwandani ni rafiki wa ndani, anayejulikana kwa watu kuwa ndiye wa fulani. Wingi wake, "vihusishi wandani", utawakera wanaopenda upatanisho ulionyooka. Nimejaribu "viandani" na sikuweza kulisoma mara mbili.

Wazo kwamba neno hujulikana kwa maneno linaloandamana nayo ni la J. R. Firth, aliyekuwa profesa wa isimu katika Chuo Kikuu cha London, kwenye shule ileile ya taaluma za Mashariki na Afrika ambako Kiswahili nacho kimefundishwa kwa miaka mingi. Alilisema waziwazi mwaka 1957. Aliyelifanya liwe kazi ya kuhesabu ni John Sinclair wa Birmingham. Kuanzia mwaka 1980, yeye na wenzake, wakishirikiana na wachapishaji wa Collins, walikusanya mamilioni ya maneno ya Kiingereza kilichoandikwa na kusemwa, wakayaingiza kwenye kompyuta, na mwaka 1987 wakatoa kamusi ya COBUILD. Katika mkusanyiko kama huo, yaani kopasi, ukitafuta neno unaletewa mistari iliyopangwa mmoja chini ya mwingine, neno lako likiwa katikati ya kila mstari na majirani zake kulia na kushoto. Huhitaji kuwa mtaalamu kuona ni jirani gani anajirudia.

Hapo ndipo njeo, yaani wakati wa kitenzi, inapoingia. Vitabu vya sarufi husema kwamba kihusishi hakibadiliki kwa sababu ya wakati: "look at" leo, "looked at" jana. Ni kweli, lakini ukweli huo hautoshi. Sinclair alisisitiza kwamba maumbo ya kitenzi kimoja hayaishi maisha yanayofanana. Kila umbo lina mazoea yake na majirani zake. Tazama "based". Umbo la sasa, la mtu anayejenga hoja yake juu ya jambo fulani, lipo, lakini si la kila siku. "Based on" imejaa kila ukurasa, na imezoeleka kiasi kwamba Waingereza wengi huitumia kama kihusishi kizima, bila kujali nani alijenga nini juu ya nini. "Accused of" nayo ni ya magazeti, karibu kila mara katika kauli ya kutendwa, wakati mwenzake "charged" anashikana na "with". Mwandishi wa habari za mahakama anajua tofauti: wa kwanza ametuhumiwa, wa pili ameshtakiwa. Huwezi kuwabadilishia vihusishi.

Kuna na la sauti, ambalo vitabu hulipita. Alama ya wakati uliopita ya Kiingereza mara nyingi ni konsonanti ndogo mwishoni mwa kitenzi, na hatima yake iko mikononi mwa kihusishi kinachofuata. "Looked at" hutamkwa kama "luk-tat": irabu ya "at" inaikamata ile "t" na kuifanya isikike. Lakini sema "walked to" kwa kasi ya kawaida. "T" mbili zinakutana, moja inamezwa, na tofauti kati ya anayetembea na aliyetembea inakaribia kupotea. Sikio lililolelewa na "-li-", silabi nzima inayotangulia shina, halina mazoea ya kusubiri habari ya wakati mwishoni. Sidhani ni uzembe basi wanafunzi wanapoandika "base on" na "use to". Wanaandika walichosikia.

Sehemu inayonivutia kuliko zote ni kauli ya kutendwa. Kiingereza kinaweza kusema "the bed was slept in". Kitanda kimekuwa kiima, aliyelala hatajwi, na "in" imebaki mkiani bila nomino ya kuishika. Mwaka 1672 mshairi John Dryden alimlaumu Ben Jonson kwa kuacha vihusishi mwishoni mwa sentensi, na tangu hapo walimu wamerithishana lawama hiyo. Watu hawakuacha. "He was laughed at", "the children were looked after", "the house was never lived in": kihusishi kinabaki pale kwa sababu ni mwandani wa kitenzi, na nomino inapoondoka chenyewe hakina pa kwenda.

Sasa sema hayo kwa Kiswahili. Kitanda kililaliwa. Nyumba haikukaliwa. Ndani ya "lal-i-w-a" ile "-i-" ndogo ni ya kauli ya kutendea, na inafanya kazi ileile ya "in" iliyobaki mkiani: inaeleza kwamba kitanda si mlalaji bali ni pa kulalia. Kiingereza kimekiweka kiungo hicho nje, neno linaloonekana. Sisi tumekishona ndani ya kitenzi. Alihama Tanga, akahamia Dodoma: "moved from", kisha "moved to", na tofauti yote imebebwa na kiambishi kimoja. Alimcheka ni "laughed at". Alimchekea ni jambo jingine, la furaha. Kuna mahali tumewazidi. "Alifiwa" haina jibu katika mtindo huo wa Kiingereza, ambacho hulazimika kusema mtu "alipoteza" nduguye. Kuna mahali wametuzidi pia. Aliyerushiwa mpira ili audake na aliyerushiwa jiwe limuumize, kwetu wote "walirushiwa". Kiingereza kinampa wa kwanza "to" na wa pili "at", na nia ya mrushaji imejulikana kabla ya kuuliza.

Ukilielewa hilo, makosa ya Kiingereza cha Afrika Mashariki yanaanza kuonyesha mantiki. Mwanafunzi anaandika "discussed about" kwa sababu kujadiliana kwake kulikuwa kuhusu jambo, na "requested for" kwa kuwa "asked for" ni sahihi na maana yake ni ileile. "Emphasized on" imetokana na mkazo uliowekwa juu ya kitu. Upande wa pili anapunguza: "he picked me from the airport", bila "up", kwa sababu "alinichukua" haina cha kuongeza. Si sahihi kuyaita makosa ya kutojua vihusishi. Anavijua, asichojua ni kipi mwandani wa nani, na hilo halikokotolewi kwa kanuni. Husomwa na kusikiwa mara nyingi hadi likae.

Istilahi yenyewe, hata hivyo, isivutwe kupita mipaka. "Looked up" ya kutafuta neno kwenye kamusi haimo, kwani unaweza kusema "looked it up" lakini huwezi kusema "looked it at". Hiyo "up", kama ile ya "picked me up", si kihusishi hapo. Haimo pia "used to" ya mazoea yaliyokwisha, ile tunayoifasiri "alikuwa akiishi Tanga". Umbo hilo halina wakati uliopo kabisa, na "to" yake ni alama ya kitenzi kinachofuata. Lakini "used to" ya kuzoea kelele ina kihusishi kamili, na ndiyo maana baada yake huja "living", si "live".

Kundi la mwisho la kuachwa nje ni lile la habari za uchumi: "rose from", "rose by", "rose to". Kitenzi hapa hakina mwandani. Kinampokea yeyote, na kila kihusishi huja na maana yake kamili. Bidhaa iliyokuwa shilingi 3,000 ikiwa "rose by 200" sasa inauzwa 3,200, na ikiwa "rose to 3,500" imeongezeka 500. Kiswahili kina "kwa" na "hadi" za kutenganisha haya mawili bila shida. Mfasiri anayeandika "ilipanda shilingi 200" ameacha pengo, na msomaji atalijaza tu ikiwa bei ya jana anaijua.